Al-Inkishafi na Istilahi ya Baroko

Yasemekana neno "baroko" limetokana na neno la Kireno lenye maana ya lulu iliyopinda umbo. Wareno hao ndio walioanza kuijenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593. Ujirani huo wa kihistoria, hata hivyo, hauwapi wahakiki ruhusa ya kuibandika istilahi hiyo juu ya kila kazi ya Kiswahili yenye mapambo mengi.

Ni kweli kwamba Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, unashawishi. Humo mna mwanga unaogeuka giza ghafla, kama katika picha za Caravaggio. Mna mrundikano wa tashbihi juu ya udanganyifu wa dunia, na mshairi anaukemea moyo wake mwenyewe kwa ukali wa mhubiri. Vidaka vilivyobeba vyombo vya kauri vimekuwa viota vya ndege. Maudhui haya ya ubatili wa fahari yalitawala pia Ulaya ya karne ya 17.

Lakini maudhui si fani. Katika sanamu ya Mtakatifu Teresa, ambayo Bernini aliichonga Roma kati ya 1647 na 1652, marumaru yaelekea kupepea. Jiwe lakana kuwa jiwe. Al-Inkishafi haufanyi hivyo. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani kumi. Vitatu vya kwanza huoana kwa vina, na cha nne hurudia kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu aweza kupinga kwamba Góngora naye alitunga soneti zenye kanuni kali. Sawa, ila Góngora huipindua sentensi hata msomaji akapotea ndani yake, hali ubeti wa Sayyid Abdalla kwa kawaida hujitosheleza kimaana. Wingi wake umefungiwa. Kwa hiyo unakaribiana zaidi na nakshi za chokaa za nyumba za Pate na Lamu: zimejaa, zajirudia, nazo zimetulia.

Mwanafunzi wa Kisegi, Nyanza ya Kusini, asiyepata kuona kidaka wala kanisa la Roma, tayari anapambana na lahaja ya kaskazini ya utenzi huu. Kumwambia kuwa ni "wa kibaroko" ni kumwongezea ugeni juu ya ugeni. Aonyeshwe kwanza kidaka na sahani zake, kisha makinda ya ndege waliolala humo. Bernini aweza kungoja.