Neno Moja, Kazi Tatu

Wavuvi wa Mikindani na Msimbati huvua katika maji ya chumvi, kisha samaki wengine huwatia chumvi na kuwaanika. Mwingereza husema: They fish in salt water, then salt the fish. Tazama, msomaji: neno fish limekuwa tendo, tena jina, na salt limekuwa sifa, tena tendo, wala hapana herufi iliyobadilika. Kwetu sivyo. Pika ni tendo, mpishi ni mtu, upishi ni kazi yake. Hata ukilikuta neno peke yake walitambua. Kiingereza nacho, miaka elfu iliyopita, kilikuwa na viishio vingi. Vilipopotea, mahali pa neno katika sentensi pakashika kazi ile.

Je, tuilaumu kamusi? Ile ya Kiingereza-Kiswahili iliyotolewa mwaka 1996 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, hutia alama: n kwa jina, adj kwa sifa, vt au vi kwa tendo. Twazisifu alama hizo, ingawa wasomaji wengi huziruka kama mchanga katika mchele. Lakini alama husema neno laweza kufanya kazi zipi. Haisemi limefanya ipi katika sentensi iliyo mbele yako.

Hapo ndipo penye hatari. Chupa za dawa nyingi zimeandikwa Shake well. Mtoto aliyekaririshwa kwamba well ni kisima atauliza kisima gani kitikiswe, na watu watacheka. Lakini mama anayemtegemea mtoto huyo kumsomea hataitikisa chupa. Dawa itatuama chini, naye mgonjwa atakunywa dawa hafifu siku za kwanza, na kali mno siku za mwisho. Tena huandikwa Store in a dry place. Hapo store si duka, ni amri: weka, na dry si kausha, ni sifa ya mahali pakavu.

Kwa hiyo hatuipendi desturi ya kuwakaririsha watoto orodha za maneno, store duka, water maji, bila sentensi. Afadhali wafundishwe kutazama neno lililotangulia. Likitanguliwa na a au the, mara nyingi ni jina, au sifa yenye jina nyuma yake. Likianza sentensi ya amri, kama lile store la chupani, ni tendo.