Fundi Asiyefungua Haraka

Ukimpelekea fundi Land Rover kuukuu na kumwambia klachi imekufa, tazama kwanza anachoshika. Akikimbilia spana na jeki, ingiwa na wasiwasi. Kwenye gereji za jua kali za Riruta Satellite jijini Nairobi, kama kule Kawangware, fundi wa kuaminika hushika pedali kwanza.

Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, haina huruma kwa mtu mwenye pupa. Klachi yake imejificha kati ya injini na giaboksi. Kuifikia kwa kawaida inabidi ung'oe viti, sakafu na sanduku linalobeba viti, kisha giaboksi irudishwe nyuma au itolewe kupitia ndani ya gari. Hapo mgongo unauma na siku imekwisha. Halafu ukute pleti ni nzima, kumbe iliyochoka ni raba ya bei ndogo ndani ya silinda ya klachi iliyo ubavuni, ambayo ungeifikia bila kugusa kiti hata kimoja! Ufundi ninaousifu ni ule wa kabla ya kufungua.

Fundi hukanyaga taratibu, kisha mara kadhaa kwa haraka. Pedali ikizama halafu ikapanda kadiri anavyopampu, ama kuna hewa ndani ama mafuta ya klachi yanavuja mahali, na kikopo cha mafuta kitamwambia zaidi. Kisha rivasi: anakanyaga, anasubiri kidogo, anaingiza. Ikikwaruza, klachi haiachii. Kuteleza ni ugonjwa mwingine kabisa. Injini inanguruma mlimani huku gari likitambaa. Hapo anavuta handibreki, anaweka gia ya juu na kuachia pedali taratibu. Injini isipozima, pleti imekwisha au imelowa oili. Sikio nalo lina kazi: mlio unaoanza ukikanyaga ni wa beringi ya klachi, ila unaonyamaza ukikanyaga unatoka kwenye giaboksi, na bili yake ni ya kukosesha usingizi.

Kinachonipendeza zaidi ni pua. Chini ya kasha la klachi la gari hili kuna tundu dogo, ambalo huzibwa kwa skrubu gari likienda kuvuka maji. Oili ikidondoka hapo, fundi hodari haifuti. Huikinga kwa kidole, huisugua kwa gumba, kisha huinusa. Ikiwa nyeusi, nyepesi, yenye harufu ya kuungua, imepita kwenye sili ya nyuma ya krenki. Ikiwa nzito na inanuka kiberiti, ni ya giaboksi, maana oili ya gia hutiwa dawa zenye salfa. Kidole kimoja kimeshaamua sili gani ikanunuliwe Kirinyaga Road, ambako wengi bado tunakuita Grogan. (Ukifika huko nenda na pleti kuukuu mkononi, ulinganishe meno ya katikati kabla ya kutoa pesa. Maneno ya muuzaji hayatoshi.)

Ikibainika ni hewa tu, kijana anayejifunza kazi anapanda kwenye usukani na fundi analala chini na mpira mwembamba uliochovywa ndani ya chupa ya soda. “Pampu! Shikilia!” Anafungua skrubu ya silinda, mapovu yanatoka, anafunga. “Achia!” Wanarudia hadi mafuta yatoke bila povu, na kijana pale juu anausikia mguu wake ukianza kupata upinzani. Somo hilo halisomeki kwenye kitabu.

Tatizo ni malipo. Mwenye gari akiona kazi imeisha kwa saa moja na raba moja, analalamika; angekuta viti vimetapakaa uani angetoa pochi bila maneno. Ndiyo sababu mafundi wengine hufungua tu, na siwalaumu sana. Kunusa, kusikiliza na kukanyaga kutajiwe bei yake kabla boneti haijainuliwa, na bei hiyo isiguswe hata kama dawa ni raba.