MAANDISHI JUU YA BONDE LA KILOMBERO: UHAKIKI WA ISTILAHI

Utangulizi

Mwalimu wa Mlabani, mjini Ifakara, akitaka kuwafundisha wanafunzi wake habari za nchi wanamoishi, hapati taabu kwa sababu bonde lao halikuandikwa. Limeandikwa sana. Taabu yake ni kwamba maandishi makubwa juu ya Kilombero na Ulanga yako katika Kijerumani na Kiingereza. Wakuu wa zamani wa bonde hili, matambiko yake, mito yake na vita vyake humfikia Mwafrika wa Ifakara kwa njia ya mzunguko: neno la Kindamba au la Kipogoro limeingizwa katika lugha ya kigeni, na sasa linangojea mfasiri alirudishe kwa Kiswahili.

Makala haya yanayapima baadhi ya maandishi hayo kwa kipimo kimoja tu: yameyatendeaje maneno ya wenyeji? Kipimo hiki kinawahusu wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, kwa maana jina likipotezwa, jambo lenyewe hupotea pamoja nalo.

1. Maandishi yenyewe

Miongoni mwa vitabu vya mwanzo ni kile cha J. Hendle juu ya lugha ya Wapogoro, kilichochapwa Berlin mwaka 1907. Pamoja na sarufi kina msamiati wa Kijerumani na Kipogoro. Mwaka 1926 A. G. O. Hodgson alichapisha maelezo juu ya desturi za uwindaji za Wandamba wa bonde la Ulanga. Mwaka 1935 kikatoka kitabu mashuhuri kuliko vyote, Ubena of the Rivers, cha A. T. Culwick, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza wilayani, pamoja na mkewe G. M. Culwick.

Baada ya Uhuru kazi ilihamia vyuoni. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kuandika kumbukumbu za wazee juu ya Vita vya Maji Maji. Mwaka huo huo Ralph Jätzold na E. Baum walitoa kitabu chao juu ya jiografia ya uchumi ya bonde. Lorne Larson alimaliza tasnifu yake ya historia ya wilaya ya Mahenge mwaka 1976. Maia Green aliandika juu ya Ukristo na mila za Wapogoro katika kitabu cha mwaka 2003, na mwaka 2010 Peggy Edelsten na Chiku Lijongwa walichapisha muhtasari wa sarufi ya Kindamba.

Hii si akiba ndogo. Wilaya nyingi za nchi yetu hazina nusu yake. Lakini akiba iliyofungiwa katika sanduku ambalo mwenye mali hana ufunguo wake haimsaidii.

2. Mtema, sultani, chifu

Tuanze na cheo. Kitabu cha Culwick kina sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe, mkuu wa Wabena wa bondeni. Wandishi wake wamefanya vema kuliacha neno mtema kama lilivyo. Katika kumbukumbu za Wajerumani wakuu wa namna hii huitwa masultani. Katika zile za Waingereza ni machifu. Mfasiri asiye mwangalifu atakutana na majina matatu na kudhani ni vyeo vitatu, au atayakusanya yote katika neno chifu na kumaliza kazi.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Chifu ni cheo cha utawala wa kikoloni: aliandikwa katika daftari la serikali na kulipwa mshahara. Mtema alikuwapo kabla ya daftari hilo. Tena mbui wa Wapogoro si mtema wala si chifu, kwa kuwa heshima yake inatokana na matambiko ya nchi. Baada ya uchifu kufutwa kisheria mwaka 1963, vijana wengi wamekua bila kusikia tofauti hizi zikitamkwa. Tukimwita kila mmoja wao chifu, tumewafundisha kwamba kabla ya ukoloni watu wa Kilombero walitawaliwa kwa mpango wa ukoloni.

Hata jina la kitabu linahitaji hadhari. Wabena wanaosemwa humo ni wale wa mabondeni, si wale wa nyanda za juu za Njombe. Tafsiri ya “Ubena wa Mito” yafaa, lakini “Historia ya Wabena” ingempotosha msomaji. Ingemficha pia Mndamba, ambaye mito hiyo ilikuwa nchi yake. Hapa ndipo udhaifu wa kitabu chenyewe ulipo: kinaitazama nchi kutoka barazani kwa mtawala, na jina lake linaipa nchi nzima ya mito sura ya Ubena.

Vivyo hivyo jina Mafiti, au Maviti, tunalolikuta katika habari za wasafiri wa karne ya 19. Wengine wamelichukua kuwa jina la kabila. Lilikuwa jina walilopewa na wengine wavamizi wowote waliopigana kwa mtindo wa Kingoni. Mfasiri aliache, kisha alieleze; asilitafutie kabila.

3. Hongo na tambiko

Mfano ulio wazi kuliko yote ni neno hongo. Katika habari za Maji Maji, Hongo ni roho iliyosemekana kumpanda Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, na wajumbe walioeneza dawa ya maji nao wakaitwa hongo. Vita hivyo vilifika bondeni kwa nguvu: tarehe 30 Agosti 1905 boma la Mahenge lilishambuliwa na Wapogoro na Wambunga. Sasa, katika Kiswahili cha biashara ya misafara, hongo ilikuwa ushuru uliotozwa wasafiri wapitao katika nchi ya mkuu. Na katika Kiswahili cha leo ni rushwa. Mwanafunzi akisoma kwamba “hongo alifika kijijini na watu wakamfuata”, ataelewa nini? Herufi kubwa na maelezo ya mstari mmoja vingemwokoa.

Tambiko nalo limeumizwa. Lilipoingia katika Kiingereza lilifanywa kuwa ibada ya wazee waliokufa. Likirudi kwa njia hiyo, linakuwa “kuabudu mizimu”. Lakini kutambika si kuabudu. Mtu hutambika kwa kuwakumbuka waliomtangulia, kuwapa haki yao na kuwaomba wasimwache. Kuabudu ni jambo ambalo Mkristo na Mwislamu wa Ifakara wamelitengea Mungu. Katika bonde ambamo Mkatoliki wa Kipogoro anaweza kusali kanisani na kutambika nyumbani, kama Green anavyoeleza kwa kirefu, kuchanganya vitenzi hivi viwili ni kumtia mtu hatiani kwa tafsiri. Lugha yetu ina neno tambiko. Hakuna sababu ya kuazima lawama.

4. Mambo ya kale na mapokeo

Upande wa akiolojia, vitabu tulivyovitaja vina machache. Hata hivyo istilahi zake hazina budi kutengenezwa kabla ya wachimbaji kufika. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imetupa jina zuri la jumla, lakini mambo madogo yangali yakisumbua. Kigae ni kipande cha chungu kilichovunjika, na pia ni kigae cha kuezekea nyumba. Afadhali kuandika “vigae vya vyungu” kila mara. Taka inayotoka katika tanuri la kuyeyushia chuma ina jina lake la siku nyingi, mavi ya chuma. Wandishi wenye haya huandika “mabaki ya chuma”, na msomaji akadhani limeokotwa jembe au mkuki. Haya isishinde usahihi.

Tena tusilisonge neno la Kiingereza la elimu ya mapokeo ndani ya istilahi yetu ya fasihi simulizi. Fasihi simulizi ni ngano, methali, vitendawili na nyimbo. Mtego wa Mndamba, dawa ya mwindaji wa Hodgson na jinsi ya kulisimamisha dungu katika shamba la mpunga si fasihi, ila ni mapokeo. Twapendekeza neno mapokeo lishike maana hii pana. Na chombo cha mtoni kiitwe mtumbwi: mfasiri wa pwani aliyezoea ngalawa akumbuke kwamba ngalawa ina matengo, na mtumbwi wa Kilombero hauna.

5. Funzo la waganga

Ajabu ni kwamba waliolitendea neno la wenyeji kwa heshima kubwa ni watafiti wa afya. Maabara ya Waswisi ilifunguliwa Ifakara mwaka 1957, na kutoka kwayo ilikua Taasisi ya Afya ya Ifakara. Mwaka 2009 watafiti wa Kitanzania na wa Kiswisi walichapisha uchunguzi wao wa Kilombero na Ulanga juu ya degedege, na neno hilo wakaliacha katika jina la makala yao ya Kiingereza. Hawakuliita malaria kali na kuendelea. Walijua kwamba mzazi anayesema degedege ana maelezo yake ya chanzo cha ugonjwa, na maelezo hayo huamua kama mtoto atapelekwa hospitali mapema au atacheleweshwa. Hapo tafsiri mbaya ingeua. Katika historia tafsiri mbaya haimwagi damu, na kwa sababu hiyo tumeizoea.

Hitimisho

Mwaka 1935, mwaka wa kitabu cha Culwick, Ayalandi iliunda tume ya kukusanya mapokeo yake. Kati ya mwaka 1937 na 1939 watoto wapatao 50,000 wa shule zipatazo 5,000, katika kaunti 26, waliwauliza wazazi, mababu na majirani, wakaandika majibu katika madaftari ya shule. Wao pia walikuwa taifa lililotawaliwa na Mwingereza, na lugha yao ilikuwa ikififia.

Madaftari Ifakara yapo, na walimu wapo. Twapendekeza mambo matatu. Kwanza, ifasiriwe sura ya Mtema Towegale Kiwanga peke yake, isomwe mbele ya wazee wa Kibena, na masahihisho yao yachapwe pembeni. Pili, orodha ya vyeo, matambiko na zana za bonde itungwe kabla ya kitabu kingine chochote kufasiriwa, msamiati wa Hendle na sarufi ya mwaka 2010 vikiwa mkononi. Tatu, orodha hiyo iletwe Barazani ikiwa na neno la mwenyeji mwanzoni, maelezo ya Kiswahili yakifuata, na lugha ya kigeni mwishoni.

Mpangilio huo ndio hoja yetu yote. Hadi leo umekuwa kinyume.