Kuzika na Kuzikana: Neno Juu ya Barua ya Jumuiya

Katika lugha ya parokia zetu za Afrika ya Mashariki yamo maneno mengi yaliyoingia bila kuulizwa habari zake, na mengine yamegeuka maana huku tukiyatumia kila Dominika. Neno tutakalo kulipima hapa si gumu, wala halikutoka ng'ambo. Ni kitenzi kuzika, pamoja na ndugu yake kuzikana. Twalipima kwa sababu desturi moja iliyoenea katika jumuiya ndogo ndogo imesimama juu ya neno la pili, hali mafundisho ya Kanisa yamesimama juu ya la kwanza. Na tofauti hiyo humwangukia mtu siku asiyoweza kujitetea.

Desturi yenyewe walimu na mapadre waijua. Mkristo akitaka mtoto wake abatizwe, au akitaka kufunga ndoa, hupeleka kwa paroko barua ya mwenyekiti wa jumuiya yake. Barua hiyo yashuhudia mambo mawili: kwamba ahudhuria sala za jumuiya, na kwamba hadaiwi michango. Akifa, jamaa zake huulizwa ushuhuda ule ule. Usipopatikana, kuna mahali ambapo padre haji, Misa haisomwi, hata katekista hukatazwa kwenda. Wanajumuiya hukaa majumbani mwao, na majirani wa dini nyingine ndio washikao majembe. Hatusemi ni hivyo kila mahali. Pengine paroko hana hata habari, maana neno limekatwa na viongozi watatu chini ya mwembe. Lakini twalisikia mara nyingi mno kuliko inavyofaa.

Jumuiya hazikuzaliwa ili zitoe barua. Mwaka wa 1973 maaskofu wa AMECEA walipokutana Nairobi walikusudia maisha ya Kanisa yajengwe katika vikundi vidogo, ambamo watu hujuana kwa uso na kwa jina. Mwaka wa 1976 wakakutana tena huko huko kwa shauri hilo, na mwaka wa 1979, huko Zomba katika nchi ya Malawi, wakaangalia kazi ilivyokwenda. Parokia ilikuwa kubwa mno, na padre mwenye vigango vingi hakuweza kujua nani mgonjwa na nani amefiwa. (Neno hili kigango lina ajabu yake: kwetu ni kituo cha sala kilicho mbali na parokia, na kwa Wagiriama ni ubao uliochongwa na kusimamishwa kwa heshima ya mzee aliyekufa. Hatusemi kwamba asili yake ni moja. Twasema tu kwamba Mgiriama alisikiapo hawezi kuacha kuwafikiri wafu wake.) Basi jumuiya zikaanza kukutana nyumba kwa nyumba, zikasoma Injili ya Dominika ijayo, zikasali rozari mwezi wa Oktoba, zikawatekea maji wajane na kuwachanjia kuni wagonjwa. Hayo yote yafanyika hata leo, na sifa yake hatuipunguzi hata chembe. Mgeni ahamiaye mjini bila kumjua mtu hupata humo watu wa kumwita mama na kaka kabla hajamaliza mwezi.

Lakini kabla ya jumuiya, na kando yake, watu wetu walikuwa na chama kingine, nacho ni chama cha kufa na kuzikana. Kila mwanachama hutoa fedha yake. Afiwapo, wenzake humletea sanda, sanduku, chakula na mikono ya kuchimba. Asiyetoa hapewi. Kwa chama hiyo ni haki tupu, wala hakuna wa kulaumiwa, kwa kuwa ni akiba ya watu walioagana. Twaona kwamba jumuiya nyingi, bila kukusudia, zimeazima sheria ya chama hiki na kuivika rozari. Wasikilizeni wanajumuiya wenyewe wakieleza kwa nini hawakwenda msibani: "Yeye alimzika nani?" Hapo neno limekwisha kugeuka. Swali si tena kama marehemu alibatizwa, bali kama alilipa mapema.

Hapa sarufi yatusaidia. Kiambishi -ana katika kuzikana, kuchangiana na kutembeleana chataka pande mbili, na kila upande ni mtendaji na mtendewa. Ndiyo maana maneno hayo hubeba deni ndani yake: leo wewe, kesho mimi. Kuzika hakutaki hivyo. Mtendaji yuko mmoja, na mtendewa hawezi kurudisha kitu. Twajua kwamba mtu atatuuliza juu ya kupendana, ambalo ni neno la Bwana mwenyewe, nalo lina -ana. Swali ni zuri. Twajibu kwamba Bwana hakutuachia tupimiane wenyewe upendo huo. Kipimo chake ni jinsi yeye alivyotupenda, na upendo huo haukulipwa na mtu. Tena ndiye aliyefundisha kwamba mtu afanyapo karamu awaalike wasioweza kumwalika. Katika watu wasioweza kualika, wa kwanza ni maiti.

Kwa hiyo Katekisimu, ikihesabu matendo saba ya huruma ya kimwili, yataja kuzika wafu. Haitaji kuzikana. Matendo sita yatoka katika Injili ya Mtakatifu Matayo, sura ya 25. La saba Kanisa lililiongeza kwa kumfuata Tobiti, aliyezika watu wa taifa lake waliotupwa huko Ninawi, akajitia hatarini mbele ya mfalme, akapoteza mali yake. Hatusomi popote kwamba aliuliza kwanza kama marehemu alikuwa akihudhuria.

Wala sheria haiko upande wa desturi hii. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 wawataja, katika kanuni ya 1184, watu wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: walioiasi imani, wazushi na wafarakano wanaojulikana hivyo wazi, waliochagua kuchomwa moto kwa sababu zinazopinga imani, na wakosefu wengine wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Hata hao, wakiwa wameonyesha dalili ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Na penye shaka huulizwa Askofu, si mwenyekiti. Kanuni ya 1183 yawahesabu hata wakatekumeni pamoja na waamini kwa habari ya mazishi. Nayo kanuni ya 1181 yaangalia fedha: maskini wasikoseshwe mazishi yanayostahili. Basi asiyebatizwa bado azikwa, na aliyebatizwa, akapata kipaimara, akala Ekaristi miaka thelathini, anyimwa kwa deni la mchango wa ukuta. Hesabu hiyo hatuwezi kuielewa.

Hatuyasemi haya ili kuitupa barua yote. Kwa ubatizo wa mtoto mchanga sheria yataka tumaini la haki kwamba atalelewa katika imani, na ni nani awezaye kulishuhudia kuliko majirani wanaosali na wazazi? Kwa ndoa pia ni vema watu wanaowajua wachumba waseme kama hakuna kizuizi. Hapo barua ina kazi, mradi ishuhudie habari ya mtu na si habari ya mfuko wake. Maana kanuni ya 848 yakataza maskini wakose sakramenti kwa sababu ya umaskini. Na viongozi wa jumuiya tusiwalaumu kupita kiasi. Wao ndio wanaoona mtu apitaye mbele ya mlango wa sala miaka kumi bila kuingia, kisha siku ya harusi ajua njia ya kwenda kwa paroko. Wao ndio wanaoagizwa walete fedha, na wakikosa huulizwa mbele ya watu. Waamini kweli wana wajibu wa kulisaidia Kanisa. Kanuni ya 222 yasema hivyo, na misaada ya ng'ambo haitajenga makanisa yetu milele. Lakini mtu mzima aliye hai aweza kuonywa, kutembelewa, hata kukemewa. Maiti hawezi kujirekebisha. Adhabu yamwangukia mjane na watoto, ambao huenda hawakukosa sala hata siku moja.

Hapa pwani jambo hili latutia aibu zaidi, kwa sababu Waislamu jirani zetu hulihesabu zishi la mfu kuwa faradhi ya kutosheleza: wakiifanya baadhi, wengine wamepona, asipoifanya mtu, dhambi ni ya wote. Na ukumbusho wetu wenyewe uko Bagamoyo. Wakristo wa kwanza wa misheni ile, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka wa 1868, wengi walikuwa watu waliokombolewa utumwani, watoto kwa wakubwa, waliotengwa na baba na wajomba zao. Katika nchi ambayo mtu huzikwa na ukoo wake, hao walikuwa bila ukoo. Kanisa likawa ukoo wao. Mwaka wa 1994 Sinodi ya Afrika ilipoliita Kanisa Familia ya Mungu, watu wengi walilisifu neno hilo kuwa jipya. Kwa wale wa Bagamoyo lilikuwa habari ya kila siku.

Basi twaomba jambo dogo, liwezalo kufanywa katika kikao kimoja cha halmashauri ya parokia. Katika karatasi ya jumuiya, penye neno "hadaiwi", liandikwe "twamjua". Na kwa habari ya msiba karatasi isitakwe kabisa: mwenyekiti apeleke jina la marehemu na mahali pa nyumba yake, apige kengele, na wanajumuiya waende. Deni la michango, kama lipo, lifutwe daftarini siku ile ile.