Fundi wa Kabla ya Kikao

Gari linalopanda Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, hubeba matenga matupu. Linaloshuka hubeba kabichi, karoti na njegere, na abiria hukunja miguu palipobaki. Ukishaiacha Mlali na barabara ikaanza kujikunja, mashamba hayalali tena, yanasimama. Huku mtu hulima ameegemea mlima. Ngazi moja ya shamba hubeba matuta machache tu, na jirani akisogeza mpaka kwa upana wa jembe, umekwisha kupoteza mstari mzima wa kabichi. Mgeni anaweza kucheka akisikia ndugu wawili hawasalimiani kwa ajili ya hatua moja ya udongo. Mwenyeji hacheki.

Miaka michache iliyopita nilipanda huko kutafuta mbegu za viazi, nikalala siku mbili nyumbani kwa mama mmoja aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji. Kwa sheria ya mwaka 2002 baraza hilo lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha, si kuhukumu. Nikamwomba niende naye kikaoni. Akaniambia kikao ni kesho kutwa, ila kama nataka kuona kazi yenyewe nikae hapohapo jikoni, yeye akimenya njegere.

Alasiri akaja kijana mmoja wa wale wenye shauri. Akaamkia, akapewa kigoda, akaulizwa shamba ni la nani. Akaeleza kwa kirefu: bibi yake alilima pale, mjomba wake akamkabidhi mbele ya watu, na mgomba wa mpakani aliupanda yeye mwenyewe. Mama alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso kwenye ungo.

"Haya baba. Sasa wewe ndiye mwenzako. Niambie yeye anasemaje."

Kijana akacheka. "Yeye anadanganya kwamba—"

"Hapana. Yeye hasemi kwamba anadanganya. Anza tena."

Akaanza tena, akakatizwa tena. Mara ya tatu sauti yake ilibadilika, ikawa sauti ya mtu mwingine, mtu mwenye watoto wanne na ngazi mbili za shamba, aliyerudi kutoka mjini akakuta mgomba asioujua. Alipomaliza alinyamaza, akaangalia mikono yake. Mama akampa bakuli la njegere amsaidie kumenya.

Tangu siku ile, kila nikisoma habari za mazungumzo makubwa ya nchi kwa nchi, simtazami anayetia saini. Namtafuta aliyekuwa jikoni.

Katika historia ya karibuni ya Afrika Mashariki sijui jiko lililopikiwa kwa moto wa polepole kama lile la Sudan, lililohamishwa kwa zaidi ya miaka miwili kati ya Machakos, Karen, Nakuru, Nanyuki na Naivasha. Shauri lenyewe lilikuwa zito kuliko mengi: je, Sudan Kusini ibaki ndani ya Sudan, au iwe nchi? Vita vilivyoanza upya mwaka 1983 vilikuwa vimeua watu wanaokadiriwa kufikia milioni mbili. Msuluhishi kwa niaba ya IGAD, jumuiya ya nchi za ukanda huu, alikuwa Mkenya, Jenerali Lazaro Sumbeiywo, askari wa maisha yake yote, aliyepewa kazi hiyo na Rais Moi mwaka 2001. Pembeni yake walikaa mafundi wachache, wakiwamo mwanasheria wa Afrika Kusini, Nicholas Haysom, na Mswisi Julian Hottinger. Majina hayo huwezi kuyasikia kwenye kijiwe cha kahawa. Ndivyo ilivyo kazi hiyo. Fundi akiifanya vizuri, picha hupigwa ya wengine.

Tazama walivyoanza Machakos, Juni 2002. Wasudani Kusini walitaka haki ya kujiamulia. Serikali ya Khartoum ilitaka sharia ibaki. Kila upande ulikuwa umelisema lake kwa miaka na kulisikia la mwenzake kama tusi. Wasuluhishi walichofanya ni kuyaweka madai mawili kwenye mizani moja: kama Kaskazini haiwezi kuiacha sharia, Kusini ipewe mlango wa kutokea, na kama Kusini inataka mlango, ikubali kwanza kukaa ndani na kuujaribu umoja. Tarehe 20 Julai 2002 itifaki ikatiwa saini. Sharia ingebaki Kaskazini, na baada ya kipindi cha mpito cha miaka sita watu wa Kusini wangepiga kura kuamua. Hakuna aliyekuwa amemshinda mwenzake kwa hoja. Kila mmoja alikuwa ameelewa bei ya jambo lake mwenyewe, na hesabu hiyo haifanywi mbele ya kamera.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ile ya mafuta. Visima vingi vilikuwa Kusini, bomba na bandari Kaskazini. Ukiwauliza wanasiasa mafuta ni ya nani, utakaa nao mpaka nywele ziote mvi. Basi wakaacha kuuliza. Wataalamu wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa waliitwa, viongozi waliozoea hotuba na bunduki wakafundishwa hesabu za mapato, na makubaliano ya kugawana utajiri ya tarehe 7 Januari 2004 yakasema wazi kwamba hayagusi suala la umiliki wa ardhi na kilicho chini yake. Yaligawa fedha tu: asilimia 2 kwa majimbo yanayotoa mafuta, na katika kilichobaki cha visima vya Kusini, nusu kwa nusu.

Mluguru angeuelewa mkataba huo kabla haujafafanuliwa. Kwa desturi ya huku ardhi ni ya lukolo, ukoo wa upande wa mama, na mgeni aliyepewa mahali pa kulima alitoa ngoto, zawadi ndogo ya kila msimu kwa mkuu wa ukoo. Ngoto haikuwa bei ya shamba wala kodi ya kumtajirisha mtu. Ilikuwa njia ya kusema: najua hapa ni penu, na ninyi mnajua mboga ni zangu. Swali la nani mwenye ardhi lilibaki limelala salama, watu wakala. Ufundi ni kujua swali lipi linaweza kulazwa.

Hawakufanikiwa kila mara. Julai 2003, Nakuru, wasuluhishi waliweka mezani rasimu moja ya mambo yote yaliyobaki, na serikali ya Khartoum ikaikataa kwa hasira. Waliochambua rasimu ile wametaja vifungu vingi. Mimi naona kosa lilikuwa la jikoni: chakula kiliandaliwa vizuri, ila walaji hawakuwa wameonjeshwa. Kilichookoa jahazi ni Ali Osman Taha, makamu wa rais wa Sudan, na John Garang wa SPLM, kiongozi wa wapiganaji wa Kusini, kukubali kukutana wenyewe Naivasha, Septemba mwaka huohuo. Watu hao wawili walikaa ana kwa ana kwa saa nyingi, wiki baada ya wiki, wataalamu wakingoja nje na karatasi zao. Kufikia tarehe 25 ya mwezi ule walikuwa wamekubaliana jambo ambalo serikali chache duniani zingelikubali: Kusini ibaki na jeshi lake kipindi chote cha mpito.

Nchi tatu zilizoyasukuma mazungumzo hayo kutoka nje zilikuwa Marekani, Uingereza na Norway. Msomaji wa Mgeta akisikia Norway atawaza mbuzi, wale wa maziwa walioletwa huku miaka ya 1980 na ambao vizazi vyao bado vinafungwa nyuma ya nyumba nyingi za mlimani. Waziri wa Norway aliyeyafuatilia mazungumzo yale kwa karibu, akizungumza mara kwa mara na Garang na Taha, alikuwa Hilde Frafjord Johnson, na alizaliwa Arusha mwaka 1963. Sidai kwamba maji ya Meru hufundisha usuluhishi. Lakini hata Martti Ahtisaari wa Finland, aliyepewa na Umoja wa Mataifa mzigo wa kutafuta hatima ya Kosovo kati ya 2005 na 2007, na aliyetunukiwa Nobel mwaka 2008, alikuwa balozi wa nchi yake Dar es Salaam miaka ya 1970. Hapo ndipo alipozoeana na watu wa SWAPO, mpaka baadaye akasimamia safari ya Namibia kwenda uhuru. Wageni hawa walikaa kwetu kabla ya kuitwa kusuluhisha wengine. Labda walijifunza kungoja gari lijae.

Nirudi jikoni, kwa sababu kuna sehemu ya kazi ya yule mama ambayo sijaisimulia.

Kijana alipokuwa akimenya njegere, mama alimuuliza: "Tuseme mwenzako akikubali kukuachia mgomba, na wewe ukamwachia ile ngazi ya chini. Ukifika nyumbani utamwambia nini mjomba wako?"

Kijana hakujibu. Nikatambua kwamba hapo ndipo penye hofu yake. Jirani hakumtisha. Aliyemtisha ni mjomba, na nyuma ya mjomba ukoo mzima, utakaosema amekwenda barazani akauza udongo wa bibi.

Viongozi wa nchi nao hawana tofauti, na milima hii ina ushahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuja na mpango wa kuokoa udongo wa Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba ngazi mlimani. Watawala wa jadi waliolipwa na serikali walikuwa wamekwisha kukubali kwa niaba ya watu. Watu hawakuwa wamekubali. Julai 1955, huko Matombo upande wa mashariki, ghasia zikamwaga damu, na mpango ukatupwa. Wale wakuu walikuwa wameandaliwa vizuri kabisa kuzungumza na Bwana Shauri, bila mtu kuwaandaa kurudi kijijini. Jambo la kuchekesha, kama linachekesha, ni kwamba Mgeta ngazi bado zipo. Mboga zililipa, basi watu wakazichimba kwa hiari yao.

Na Sudan nayo ina Matombo yake, inaitwa Abyei. Ni eneo la mpakani, la malisho na mafuta, linalokaliwa na Wadinka wa Ngok na kupitiwa kila kiangazi na Wamisseriya na ng'ombe wao. Hata mto una majina mawili: Kiir kwa Mdinka, Bahr el-Arab kwa Mwarabu. Pande mbili ziliposhindwa kabisa, andiko la Abyei lililetwa na Wamarekani, mkononi mwa mjumbe wao John Danforth, likapokewa karibu kama lilivyokuja na kutiwa saini tarehe 26 Mei 2004. Eneo lilielezwa kama nchi ya watemi tisa wa Ngok waliohamishiwa Kordofan mwaka 1905. Fundi mwenye subira anaposoma mstari ule husisimka, kisha huogopa. Mpaka uliofungwa kwenye kumbukumbu ya miaka tisini na tisa iliyopita, bila kuchorwa ardhini! Na kura ingepigwa na Wangok pamoja na "Wasudani wengine wanaoishi" pale, huku swali la nani anaishi na nani anapita likiachiwa tume itakayokuja.

Swali hilo halikuwa la kulazwa. Tume ya mipaka ilitoa ripoti Julai 2005, Khartoum ikaikataa. Mahakama ya usuluhishi kule The Hague ikachora upya tarehe 22 Julai 2009. Januari 2011 Wasudani Kusini walipiga kura kwa utulivu, zaidi ya asilimia 98 wakachagua kujitenga, na kura ya Abyei, iliyopaswa kwenda sambamba, haikufanyika. Mei mwaka huo jeshi la Kaskazini liliingia mjini Abyei, na watu wakakimbilia kusini. Garang hakuwapo kuona sehemu kubwa ya hayo. Ajali ya helikopta ilimwua tarehe 30 Julai 2005, wiki tatu baada ya kuapishwa Khartoum. Kama angekuwapo, huenda angeweza kuwaeleza watu wake, na Taha wa kwake. Makubaliano yale yalikaa vichwani mwa watu wawili kuliko yalivyokaa kwenye karatasi, na hilo nalihesabu kuwa sifa na kasoro ya Naivasha kwa pamoja.

Siku ya kikao Mgeta nilikwenda. Hakikuchukua hata nusu saa. Mama alikaa mwishoni mwa benchi, hakusema zaidi ya salamu, na mwenyekiti akaandika kwenye daftari kwamba mgomba unabaki upande wa juu, ngazi ya chini inarudi kwa jirani, na mpakani utapandwa mti mbele ya koo zote mbili. Ungekuwa mwandishi wa gazeti ungemhoji mwenyekiti.

Nilimkuta yule kijana njiani, anapanda taratibu kuelekea Tchenzema, jembe begani. Midomo ilikuwa inacheza. Nilipomkaribia nikasikia anasema peke yake, kwa adabu, kama mtu aliyesimama mlangoni: "Mjomba, nimerudi. Naomba nikae kwanza." Akanyamaza, akatikisa kichwa, akaanza tena.