Kumbukumbu Ipi Imejaa?

Karani wa Bombambili, Songea, akilalamika kuwa kompyuta yake ni nzito, aghalabu huambiwa kuwa kumbukumbu imejaa. Naye hufuta barua za mwaka mzima. Mashine ikabaki nzito vile vile.

Kosa hapa twaliona ni la istilahi. Neno kumbukumbu limetwikwa vyombo viwili: diski itunzayo majalada hata umeme ukikatika, na kile kishikacho kazi iliyo mkononi tu, ambacho mashine ikizimika husahau yote. (Ajabu ya kumbukumbu!) Isipokuwa diski imekaribia kujaa kabisa, kufuta barua hakumfai kitu, angefunga programu asizozitumia, au fundi angemwongezea kile chombo cha pili.

Wala karani hana lawama. Ofisini kumbukumbu ni kitu cha kudumu: kumbukumbu za mkutano, na ile “Kumb. Na.” iliyo juu ya kila barua ya serikali. Kwa hiyo twapendekeza chombo kisahaulifu kiitwe kumbukumbu ya muda, na diski iitwe hifadhi, neno ambalo watumiaji wamekwisha kulizoea kama amri ya kuiweka barua isipotee.