Muhuri Uliokuja Mwisho

Ninyi mliokuwapo ukumbini jioni ile ya mashindano ya kadi, siku tatu kabla ya Idi, hamna haja ya kusimuliwa nami jinsi kadi ile ilivyoanza vizuri. Mliona kwa macho yenu namna karatasi ilivyokunjwa, namna vipande vilivyokatwa, namna uji wa ngano ulivyopakwa kwa uangalifu wa mtu apakaye dawa jeraha la mtoto; na bila shaka mliona pia, kama nilivyoona mimi niliyekaa safu ya pili karibu na dirisha, ule mkono ukienda kushika muhuri wa mpira wakati ambapo muhuri haukuwa na kazi tena mezani pale. Nasema mapema, asije mtu akadhani kwamba nimeifikia hukumu yangu kwa kuzungukazunguka: kadi ile iliharibiwa na tendo moja lisilozidi muda wa kupepesa jicho, na tendo lenyewe lilikuwa kosa dhahiri lisilo na udhuru.

Yaliyotangulia yalikuwa mema, nayo nitayapitia kwa haraka. Karatasi ngumu ilikunjwa kwa kufuata mkondo wa nyuzi zake, ikasuguliwa kwa mgongo wa kijiko, na mkunjo ukatoka safi bila kupasuka. Mpango wa kadi nzima ulikuwa mpango wa leso, wenye pindo, mji na jina: pindo la vipande vya ndani ya bahasha, vile vyenye vistari vya samawati, mji mtupu wenye stempu moja ya kale katikati, na chini nafasi ya maneno ya mkono wa Idi, yaandikwe kwa kalamu. Mpango huo ulinipendeza sana.

Sasa tuutazame ule mji, maana ndipo msiba ulipotokea. Fundi wetu, kijana yule aliyeitengeneza kadi, hakuibandika stempu juu ya kadi tupu. Aliiweka juu ya kipande cha karatasi nyekundu, na hicho chekundu juu ya kipande cha kaki kilichokipita kidogo kwa ukubwa, hata stempu ikawa imekaa juu ya baraza yenye vipandio viwili. Uamuzi huo siulaumu, kwa sababu stempu ndogo juu ya karatasi pana hupotea kama ngalawa katika bahari kuu, na nyekundu ile iliipa heshima. Lakini alipokwisha kubandika, na uji haujakauka sawasawa, alichukua muhuri wenye sura ya mwezi mwandamo, upana wake kama inchi 2, akauchovya katika pedi ya wino mweusi, na akaushindilia juu ya mkusanyiko ule wote, ili mwezi uikumbatie stempu na ncha zake zianguke juu ya kadi tupu pande mbili.

Mpira wa muhuri una uso mmoja uliosawazishwa, nao hutoa wino mahali unapogusa tu. Ukiwekwa juu ya vipandio, hugusa kipandio cha juu, huning'inia hewani ukingoni, kisha hugusa cha chini endapo una ulaini wa kukifikia. Karatasi ya gramu 100 kwa mita ya mraba ina unene wa takriban sehemu 1 ya 10 ya milimita. Tabaka tatu, stempu ikiwa miongoni mwao, ni kama sehemu 3 za 10. Kwa jicho la mtazamaji kimo hicho si kitu, walakini kwa mpira mkavu wa muhuri wa zamani ni ukuta. Ndiyo maana mliona kila ukingo wa karatasi ukiacha ufa mweupe ndani ya mwezi, hata mwezi ukawa vipande vitatu visivyojuana.

Na laiti angaliishia hapo! Alipohisi mkononi mwake kwamba mpira haujafika chini, akauinamisha muhuri huku na huku kama mtu asagaye pilipili, na kila mwenye kuujua muhuri anajua lipatikanalo kwa kufanya hivyo: kando za mpira, zile ambazo hazikukusudiwa kuonekana kamwe, zikagusa karatasi na kuacha alama za vidole visivyo na mtu, huku sehemu ya juu, iliyokwisha kubeba wino wa kutosha, ikizidi kushiba hata mstari mwembamba wa mwezi ukawa mnene na kufurika. Kosa la kwanza lilikuwa la mpangilio; la pili lilikuwa la hofu, na hofu ndiyo iliyoligeuza doa kuwa hasara.

Jirani yangu wa safu ya pili, mtu mwenye insafu kuliko mimi, alininong'oneza kwamba mwezi ulihitajika ili kuifunga stempu na pindo zisionekane kama wageni waliokutana njiani. Nakubali kwamba ulihitajika. Lakini kuhitajika kwake si hoja ya kuuleta mwisho. Mwezi ungaliweza kupigwa mapema juu ya kadi ingali tambarare, chini yake pamewekwa gazeti lililokunjwa ili mpira upate pa kuzama, na vipande vikaja kubandikwa juu ya wino uliokwisha kukauka. Au ungalipigwa juu ya kipande kingine, ukakatwa kwa makasi madogo, na kubandikwa juu ya stempu kama kipande kingine chochote. Au, kama ni lazima uonekane unapita nyuma ya kitu, iko njia ya kifuniko: hupigwa sura ya mbele, hukatwa nakala yake katika karatasi nyembamba, nakala hiyo hulazwa juu ya sura, na muhuri wa nyuma hupigwa bila kuigusa ile ya mbele. Hakuna katika njia hizo iliyo ngumu kuliko kuukunja mkunjo ule alioukunja kwa ustadi.

Muhuri kwanza, makasi baadaye, gundi mwisho. Marehemu aliyenifundisha kazi hii, mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa aliyejifunza kuchonga kalamu ya mwanzi kwa wazee wa Siyu, kisiwani Pate, ambako misahafu ilinakiliwa kwa wino mweusi na mwekundu, hakuwa akilifungua bakuli la uji mpaka wino umekaa tangu alasiri hadi magharibi. Tulimcheka, maana tulikuwa watoto wenye haraka ya kwenda kuogelea. Na juu ya karatasi zenye mng'aro hakupiga muhuri kabisa, kwa kuwa karatasi iliyopakwa mng'aro hainywi wino, nao wino hubaki juu yake ukingoja kiganja cha mtu. Nimekwisha kuyaandika haya mara nyingi mno, na kila mwaka huja mtu na jalada la jarida la rangi na muhuri mkononi.

Aghalabu nikisema hivi huambiwa kwamba nadai ukamilifu usiowezekana katika kazi ya mabaki ya karatasi. Nami huwajibu kwa mfano: Mary Delany, bibi Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1700, alianza kukata maua ya karatasi akiwa mjane wa miaka 72, na katika muda wa miaka kama 10, mpaka macho yake yalipomkatalia, alikuwa amekamilisha maua 985, ambayo yamehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Aliyajenga kwa vipande vidogo juu ya vikubwa, rangi iliyofifia pamoja na iliyokoza, vyote juu ya karatasi nyeusi, na katika baadhi ya maua hayo vipande huhesabiwa kwa mamia. Mwanamke aliyeweza kujenga kivuli cha jani kwa karatasi tupu hakuwa na haja ya kukimbilia muhuri ili kazi yake ishikamane. Namwambia kijana wetu hivi kwa mapenzi: tazama maua yale, hata katika picha, kisha utazame mwezi wako.

Hata yule Mwingereza Henry Cole, ambaye mimi humlaumu kwa mengi, alilijua jambo hili la utaratibu. Mwaka 1843, kwa kuwa alielemewa na barua za Krismasi, alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja ichapwe, zikatoka nakala 1,000 na kuuzwa shilingi moja moja. Na hapo ndipo salamu ya Krismasi ilipoanza kununuliwa dukani kama chumvi, hata leo mtu humpelekea mamaye maneno yaliyotungwa na mtu asiyemjua mamaye. Wapinga ulevi wa zama hizo walikasirishwa na picha ya jamaa walioinua bilauri za mvinyo. Mimi nimekasirishwa na hilo la duka. Lakini katika kadi yake uchapaji wa mistari ulitangulia, na rangi zikatiwa kwa mkono baadaye, kadi moja moja. Mvivu yule alifuata utaratibu!

Waamuzi wa jioni ile hawakusema neno juu ya mwezi. Sikushangaa, kwa sababu si zamani sana waamuzi wa namna hiyohiyo waliitunuku kadi iliyomwagiwa vumbi la kumetameta hata ukiifungua unakuwa kama umetoka kukumbatia samaki. Hilo nimeshalisema, na nitalisema tena.

Kinachonichoma zaidi ni stempu yenyewe. Ilikuwa ya Kenya, Uganda na Tanganyika, ya toleo la mwaka 1938, ya rangi mbili, yenye kichwa cha Mfalme George wa Sita na jahazi likikata maji ya Ziwa Victoria (ziwa, si bahari, jambo ambalo sisi watu wa pwani hatujalisamehe). Ilikuwa imesafiri kwa barua ya mtu, na posta ilikwisha kuipiga muhuri wake mara moja pembeni, kwa adabu, bila kuligusa tanga. Naye fundi wetu akaipiga mara ya pili, katikati.

Watu walipotawanyika alinijia, akaniamkia, akaniuliza, "Maalim, mwezi haukukaa?"

Nikamjibu, "Mwanangu, umekaa, lakini umekaa juu ya ngazi."

Alicheka, na kwa kuwa ana malezi mema akanipa kadi ile niwe nayo. Juzi usiku niliilaza stempu katika bakuli la maji ya vuguvugu, sura juu, kama tufanyavyo tunapozibandua stempu kutoka kwenye bahasha. Uji wa ngano uliachia kwa muda mfupi, karatasi nyekundu ikazama ikimwaga rangi kidogo, nayo stempu ikajitenga. Nikabadilisha maji mara mbili. Wino wa muhuri ulikuwa wa ile aina isiyotoka. Jahazi likaelea bakulini, na kipande cha mwezi kingali kimelala juu ya tanga lake.